AKIBA IOZAYO NA AKIBA ISIYOOZA: MAFUNZO YA MANNA NA SALWA

Khutba ya Kwanza

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeikadiria riziki ya kila chenye roho. Tunamhimidi, tunamwomba msaada na msamaha, na tunajikinga kwake na shari za nafsi zetu. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na ahli zake, na sahaba zake, na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi ndugu Waislamu mliokusanyika msikitini, na nyinyi baba zetu, mama zetu na wanafunzi wetu mnaotusikiliza majumbani kwa redio, tunakuusieni, na twaanza kwa kuziusia nafsi zetu wenyewe, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Hapana mali wala ghala wala cheo kimkingacho mtu mahali pa ucha Mungu.

Wazee wetu wametuachia mithali isemayo kuwa akiba haiozi. Kila mtoto huisikia nyumbani kwao kabla hajajua kuandika. Lakini katika habari za Mitume imo akiba iliyooza kwa usiku mmoja tu, na imo vilevile akiba iliyokaa miaka saba isiharibike. Akiba ya kwanza ilikuwa ni chakula kilichoshuka kutoka mbinguni. Ya pili ilikuwa ni ngano iliyolimwa kwa jasho katika ardhi ya Misri. Ajabu ni kwamba kile cha mbinguni ndicho kilichooza, na kile cha jembe ndicho kilichodumu. Leo, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, tutatazama ni jambo gani lililozitenga akiba hizi mbili.

Wala swali hili si la watu wa kale peke yao. Sisi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, wilaya zilizounganishwa kuwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, tunaulizwa swali hili kila mwaka. Tunaulizwa pale mavuno yaingiapo nyumbani na pamba ipelekwapo kwenye mizani, fedha zikawa mkononi na magunia yakawa ukumbini. Kisha tunaulizwa tena miezi michache baadaye, mvua zikatikapo mahindi yakiwa bado hayajabeba, na sufuria ikawa inaonyesha chini yake. Jibu tulilolitoa wakati wa mavuno ndilo tunalolila wakati wa njaa.

Enyi ndugu, Nabii Musa (a.s.) alipowatoa Wana wa Israili katika utumwa wa Firauni, walijikuta jangwani, mahali pasipo mto wala shamba. Mwenyezi Mungu akawafunika kwa kivuli cha mawingu, akawateremshia manna na salwa. Habari hii tunaisoma katika Qurani Tukufu, katika Suratul Baqara, na katika Suratul Aaraf, na katika Sura Taha. Salwa, kama walivyosema wafasiri wengi, ni ndege wa jamii ya kware. Na walipoona kiu, Nabii Musa aliamrishwa alipige jiwe kwa fimbo yake, zikatoka chemchemi 12, kila kabila ikajua mahali pake pa kunywea.

Habari hii imo pia katika Taurati waisomayo Mayahudi na Wakristo, katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 16, nayo imeelezwa huko kwa urefu. Majirani zetu wengi katika mkoa huu ni Wakristo, na watoto wetu huketi nao darasa moja. Basi ni vyema tuijue habari hii ilivyo kwao na ilivyo kwetu. Kanuni ya wanazuoni wetu inajulikana: lile linalothibitishwa na Qurani tunalithibitisha, lile linalopingana nayo tunaliacha, na lile ambalo Qurani imelinyamazia twaweza kulisimulia kwa mazingatio, bila ya kulisadiki wala kulikadhibisha.

Inasimuliwa huko kwamba manna ilionekana asubuhi, umande ukiondoka, ikiwa kama chembe ndogo juu ya ardhi. Watu waliamrishwa watoke waiokote, kila mtu kwa kipimo kimoja, ambacho wafasiri wa Kiswahili wamekiita pishi. Wako waliookota kingi, na wako waliookota kidogo. Walipopima, aliyeokota kingi hakuzidishiwa, wala aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Kisha wakaambiwa wasibakishe kitu mpaka asubuhi. Baadhi yao hawakusikia, wakaficha. Kulipokucha kile walichokificha kilikuwa kimeingia mabuu, na kinanuka.

Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, Mtume wetu (s.a.w.) ametueleza kuwa kuvunda kwa nyama kuna asili yake katika mwenendo wa Wana wa Israili. Wanazuoni walioisherehesha Hadithi hiyo wamesema kwamba walikatazwa kuweka akiba ya salwa, nao wakaiweka, ikavunda. Basi tazameni jinsi habari za umma mbili zinavyokutana katika jambo hili moja: chakula kilichofichwa kwa kumshuku Mtoaji wake kiliharibika mikononi mwa mfichaji.

Lakini, enyi ndugu, tusifanye haraka ya kuhukumu. Mtu mvivu akiisikia habari hii atasema: basi kuweka akiba ni kukosa imani, nami nitakula leo, kesho ina Mungu wake. Huyo ameisikia nusu. Kwani katika masimulizi yayo hayo imo nusu ya pili. Siku ya sita waliamrishwa waokote maradufu, sehemu ya siku ile na sehemu ya Sabato, kwa kuwa siku ya saba manna haikushuka. Akiba hiyo ya siku ya sita ililala usiku kucha, na haikunuka wala haikuingia mdudu. Manna ilikuwa ni ile ile, na jua la jangwani lilikuwa ni lile lile. Kilichobadilika ni sababu ya kuiweka. Moja iliwekwa kwa choyo na wasiwasi, nyingine iliwekwa kwa kutii amri.

Tena mnaona kwamba hata katika muujiza, mkono haukuachwa ukae bure. Manna ilishuka, lakini haikuingia vyungu vyenyewe. Watu walitoka alfajiri wakainama. Jiwe lilitoa maji, lakini baada ya Nabii Musa kulipiga. Bibi Maryamu alipokuwa katika uchungu wa uzazi alipewa tende mbichi, lakini aliambiwa alitikise shina la mtende. Na mzazi aliyedhoofika atautikisaje mtende? Ndivyo ilivyo pia katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Umar, Mtume (s.a.w.) alipotupigia mfano wa kumtegemea Mwenyezi Mungu kwa ndege, watokao asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba. Wanazuoni wakatanabahisha kuwa ndege hao walitoka, hawakungoja tunduni.

Na kitabu cha Yoshua, kilicho baada ya Taurati, kinasimulia kwamba Wana wa Israili walipoingia nchi ya Kanaani wakala mazao ya ardhi ile, manna ilikoma. Ardhi ilipofunguka, mbingu iliacha kuteremsha chakula kilichokuwa tayari. Walirudishwa katika desturi ya watu wote: kupanda, kupalilia, kungoja mvua, kuvuna. Wala riziki ya jembe si ndogo kuliko riziki ya muujiza. Katika Suratul Waqia Mwenyezi Mungu anatuuliza kuhusu mbegu tuzipandazo: je, ni sisi tuziotazeshao, au ni Yeye? Mkulima wa Bariadi afukiaye punje ya mtama katika udongo mkavu, akaiacha, akarudi nyumbani, amefanya tendo la imani, ajue asijue.

Hata katika ardhi yetu hii Mwenyezi Mungu hajaacha kuteremsha visivyolimwa. Mvua za kwanza zinyeshapo, uyoga huchomoza penye vichuguu, mlenda huota bila ya kupandwa, na kiangazi mibuyu na mikwaju hutupa matunda ambayo hapana mtu aliyeitilia mbolea. Mtume (s.a.w.), katika Hadithi ya Said bin Zayd iliyomo katika Bukhari na Muslim, amekihesabu kitu cha jamii ya uyoga kiotacho chini ya mchanga huko Uarabuni kuwa ni katika manna. Wanazuoni wakasema, ni kwa sababu hupatikana bila ya mbegu wala taabu ya kulima. Basi anayesema kuwa manna ni kisa cha zamani, na atazame kikapu cha mama atokaye porini baada ya mvua.

Sasa tuiendee akiba ya pili. Nabii Yusuf (a.s.) alipoitafsiri ndoto ya mfalme wa Misri, hakutoa habari ya hatari akanyamaza. Alitoa pamoja nayo mpango. Suratu Yusuf inatueleza kuwa aliwaambia walime miaka saba mfululizo, na wanachokivuna wakiache katika masuke yake, isipokuwa kidogo watakachokula. Kwani baada yake itakuja miaka saba migumu itakayokula kilichowekwa. Na mwishowe watabakisha kidogo, akiba ya mbegu. Kisha akaomba apewe usimamizi wa maghala, kwa hoja kwamba yeye ni mlinzi mwaminifu tena mjuzi. Sifa mbili alizitaja: uaminifu na ujuzi. Ghala lisilo na uaminifu huibiwa, na ghala lisilo na ujuzi huliwa na wadudu.

Akiba ile haikuoza, na njaa ilipofika iliwalisha Wamisri na wasiokuwa Wamisri. Ndugu zake Yusuf, wale wale waliomtupa kisimani, walisafiri kutoka Kanaani wakaja kununua, wakapimiwa kwa kipimo kamili. Manna iliyofichwa hemani ilikuwa ya mtu mmoja dhidi ya wenziwe. Ngano ya Yusuf ilikuwa ya watu wote, naye ni mshika amana tu. Hapo ndipo akiba hizi mbili zilipotengana.

Na Mtume wetu (s.a.w.) ametuonyesha jambo hili kwa sunna yake. Bukhari amepokea kutoka kwa Umar kwamba Mtume alikuwa akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka mzima. Basi kuweka akiba si kukosa tawakuli; bora ya wenye kumtegemea Mwenyezi Mungu aliifanya. Lakini Muslim amepokea kutoka kwa Bibi Aisha kwamba mwaka mmoja watu wa mashambani wenye njaa waliingia Madina wakati wa sikukuu ya kuchinja, na Mtume akawakataza Waislamu wasiweke nyama za udhia zaidi ya siku tatu. Mwaka uliofuata walipomwuliza, aliwaeleza kuwa aliwakataza kwa ajili ya wale masikini waliokuja. Sasa na wale, na waweke akiba, na watoe sadaka.

Izingatieni hukumu hii, enyi ndugu. Nyama ni moja, mji ni mmoja, na Mtume ni mmoja. Mwaka wenye wenye njaa mlangoni, kuweka kulikatazwa. Mwaka usio nao, kuliruhusiwa. Maana yake ni kwamba akiba ya Muislamu ina mlango, na mlango huo una kitasa upande wa ndani na upande wa nje. Mwenye nyumba anaweza kuufunga, na mwenye njaa anaweza kuubisha.

Enyi ndugu zetu wa Simiyu, mafunzo haya yanatuhusu sisi. Mkoa wetu unajulikana nchini kwa pamba. Lakini pamba haipikwi. Na mvua zetu hazina ahadi. Wazee wanakumbuka ukame wa miaka ya 1973 na 1974, taifa lilipolazimika kuagiza nafaka kutoka nje, na katika msimu wa 1974/75 ikatangazwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Tangu hapo zimepita shida nyingine, na zitakuja nyingine. Jambo la kuhuzunisha ni lile linalotokea kati ya shida moja na nyingine. Mavuno yanapoingia, bei huwa chini kwa kuwa kila mtu anauza. Mwenye nyumba huuza magunia yake yote, mengine akayageuza sherehe na mavazi, na nyingine katika nafaka hizo huishia katika vyungu vya pombe. Ifikapo Januari yeye yule hununua kwa kilo, kwa bei kubwa, nafaka iliyotoka katika shamba lake mwenyewe. Huyu hakuficha manna. Ameitupa, kisha akaenda kuinunua.

Babu zetu hawakuwa hivyo. Nyumba ya Msukuma ilijulikana kwa vihenge vyake. Viazi vitamu vilikatwa vikaanikwa vikawa michembe, au vilichemshwa kwanza, vikakatwa na kuanikwa, vikawa matobolwa. Na chakula hicho kikawavusha watu kiangazi. Hata malisho yaliwekewa akiba: ngitili ilifungwa mvua zinyeshapo, ikafunguliwa majani yakiisha kwingineko. Mwaka 1986, Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, sehemu kubwa ya ardhi yetu hii ikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, iliufufua utaratibu huo wa ngitili. Elimu ya Nabii Yusuf ilikuwa ikitendwa katika nchi hii na watu ambao wengi wao hawakuwa wamelisikia jina lake.

Na ujuzi huendelea. Nabii Yusuf aliamrisha ngano iachwe katika masuke, kwa kuwa suke huihifadhi punje. Mtama wetu nao uliwekwa hivyo hivyo. Lakini mwaka 1981 alitambuliwa huko Tabora mdudu mgeni, aliyetoka nchi za Amerika, ambaye wakulima wanamwita dumuzi, na dumuzi huyapenda sana mahindi yaliyoachwa katika magunzi. Kwa hiyo mabwana shamba wanatushauri tuyapukuchue mahindi, tuyakaushe barabara yasije yakaingia sumukuvu, na tuyatie katika magunia yasiyopitisha hewa, ambamo mdudu hukosa pumzi akafa. Kufuata ushauri huo si kuiacha njia ya Yusuf. Ni kuifuata, kwani alichokiomba yeye ni ulinzi pamoja na ujuzi.

Kila mwenye nyumba, basi, na apime kabla ya kuuza. Ahesabu midomo iliyomo nyumbani kwake na miezi iliyoko mpaka mavuno mengine. Aweke chakula, aweke mbegu, aweke fungu la mgeni na la masikini. Kisha kinachobaki ndicho akipeleke sokoni. Mama wa nyumba ashirikishwe katika hesabu hiyo, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye sufuria inakula kiasi gani, na yeye ndiye atazamwaye na watoto siku sufuria ikikosa.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa kurehemu.

Khutba ya Pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu kwa wema wake, na shukrani ni zake kwa kutuwezesha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na ahli zake na sahaba zake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tumesema kuwa akiba haiozi ikiwa ni amana, na huoza ikiwa ni choyo. Huenda mtu akauliza: mbona tunawaona wenye maghala yaliyojaa, wanangoja njaa ipande ndipo wauze, na nafaka yao haiozi? Jibu ni kwamba kuoza si kwa punje tu. Mtume (s.a.w.), katika Hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Maamar bin Abdillah, amemhukumu mwenye kuhodhi chakula kuwa ni mkosa. Gunia lake laweza kuwa zima lakini baraka yake imekwisha kuingia mabuu. Mfanyabiashara anunuaye palipo na kingi, akasafirisha, akauza kwa faida ya kadiri palipopungua, huyo anawahudumia watu na ana ujira wake. Anayekatazwa ni yule azuiaye chakula watu wakiwa na haja nacho, ili shida yao iwe ndiyo faida yake.

Na yako mambo mawili yafanywayo wakati wa njaa ambayo hatuwezi kuyanyamazia juu ya mimbari.

La kwanza ni mkopo wa nafaka. Masikini hupewa gunia moja mwezi wa Januari, kwa sharti alipe mawili wakati wa mavuno. Watu huliita jambo hili msaada. Kwa sheria ya Kiislamu, nyongeza iliyoshurutishwa katika mkopo ni riba, ikiwa ni ya fedha au ikiwa ni ya mahindi. Mwenye kufanya hivyo hula shamba la mwenziwe kabla halijapandwa. Kopesha gunia, lipwe gunia. Na ukishindwa kungoja thawabu ya Mwenyezi Mungu, basi uza kwa bei ya haki, wala usiivishe riba kanzu ya huruma.

La pili ni kipimo. Manna ilipimwa kwa pishi moja kwa wote, mwenye nguvu na asiye na nguvu. Nabii Yusuf aliwakumbusha ndugu zake kwamba yeye anatimiza kipimo. Na katika Qurani iko sura nzima iliyofunguliwa kwa kuwaonya wapunjao, ambao wakipokea hutaka kijae, na wakitoa hupunguza. Basi nini hukumu ya gunia la lumbesa, lililorundikwa likafungwa kwa kamba juu ya kimo chake, na mkulima akalipwa kwa hesabu ya gunia moja? Au debe lililotanuliwa kwa kununulia na jingine lililobonyezwa kwa kuuzia? Sheria ya nchi imelikataza jambo hili, na sheria ya Mwenyezi Mungu ililikataza kabla yake.

Enyi ndugu, njia ya kuisafisha akiba tumefundishwa. Ni zaka. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, mazao yanayopasiwa na zaka ni yale ambayo watu huyafanya chakula chao kikuu, na yanayowekeka akiba: mahindi, mtama, mchele, na mfano wake. Liangalieni sharti hili la pili. Lile lile linalokiwezesha chakula kukaa ghalani ndilo linalomthibitishia masikini haki ndani yake. Mavuno yakishafika nisabu, ambayo wanazuoni wengi wa zama zetu huikadiria kuwa kilo 650 hivi za nafaka iliyokauka na kupurwa, hutolewa sehemu moja ya kumi kwa shamba la mvua, na nusu ya sehemu hiyo kwa shamba la kumwagilia kwa gharama. Mwenye magunia 10 ya mvua, gunia moja si lake. Lilikwisha kuwa la wenyewe siku ya kuvunwa, na kuchelewa nalo bila ya udhuru ni kukalia mali ya watu. Ama pamba, yenyewe haina zaka ya mazao kwa kuwa si chakula. Lakini fedha zake zikifika nisabu na zikatimiza mwaka, zina zaka yake.

Na baada ya zaka iko haki ya jirani. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Musa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwasifu watu wa kabila la Ashari, kwa kuwa chakula kikiwapungukia safarini au mjini, hukusanya walicho nacho wote katika nguo moja, kisha hugawana sawa kwa chombo kimoja, akasema kuwa wao ni katika yeye, naye ni katika wao. Hiyo ndiyo pishi ya manna, safari hii imepimwa na watu wenyewe kwa hiari zao.

Wala tusiulize kwanza jirani anasali wapi. Abdullahi, mwana wa Amr bin Aas, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliwauliza watu wake mara kwa mara kama wamempelekea jirani yao Myahudi. Mtaa wetu una Muislamu, una Mkristo, na una asiyekuwa huyu wala yule. Njaa ikiingia haisomi majina milangoni. Na Umar bin Khattab, katika mwaka wa 18 wa Hijria, ukame ulipoipiga Madina na kandokando yake, aliwaandikia magavana wake walete chakula, na mwenyewe akajizuilia samli na nyama mpaka watu walipopata nafuu. Kiongozi wa mkoa, wa kijiji, wa chama cha ushirika, na hata kiongozi wa nyumba, ana mfano mwema hapo.

Wanafunzi wetu, mkirudi madrasani na shuleni, yaandikeni haya: manna ilitufundisha kuwa mtoaji ni Mwenyezi Mungu, Yusuf alitufundisha kuwa mlinzi ni mwanadamu, na Mtume wetu alitufundisha kuwa mwenye haki ni mwenye njaa. Atakayelisahau mojawapo katika matatu haya, akiba yake itaoza, hata ikiwa haina mdudu.

Mwenyezi Mungu, tunakuomba mvua yenye manufaa isiyo na madhara, iiotoshe mimea yetu, ijaze malambo yetu na mito yetu, na iwanyweshe wanyama wetu. Tubarikie katika kidogo tulicho nacho, na utukinge na choyo tunapokuwa na kingi. Uwalishe wenye njaa katika mkoa huu na katika miji ya Waislamu na isiyokuwa ya Waislamu, na utujaalie sisi kuwa mkono unaokifikisha chakula hicho. Uwaghufirie wazazi wetu, walio hai na waliokufa, na uwaongoze viongozi wetu katika kheri. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, Mola wenu anaamrisha uadilifu na wema na kuwapa jamaa, na anakataza uchafu na uovu na dhulma. Mkumbukeni atakukumbukeni, na mshukuruni kwa neema zake atakuzidishieni. Simamisheni Sala.